Fundi wa Nyumba ya Magurudumu

Katika darasa langu, hapa Luzira, ukutani kuna ubao wenye misumari. Kila msumari una kikombe, na kila kikombe kina jina la mtoto, nililoliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu. Uji wa saa nne ukifika, kila mmoja huchukua chake bila kusukumana. Hakuna anayekwenda na kikombe nyumbani, ila siku anapohama shule. Watoto wadogo husahau mambo mengi, lakini hilo hawalisahau.

Naanza na vikombe kwa sababu habari hii itanirudisha hapo. Haikunipata mimi, ilimpata jirani yangu Phelister. Yeye hapendi kuisimulia. Amenikubalia niisimulie mimi, mradi nisiongeze chumvi, nami sitaongeza.

Phelister ni Mjaluo wa Siaya, mimi ni Mbukusu wa Bungoma. Kila mmoja alivuka mpaka kwa njia yake kutafuta kazi, tukakutana Kampala kwenye ibada ya Kiswahili. Yeye hushona sare za shule. Binti yake, Moreen, alikuwa darasani kwangu, mtoto wa miaka sita, mpole, mwenye kifua kibovu. Kikombe chake kilikuwa cha bati, cha buluu, na mkono wake wa kushikia ulikuwa umelegea. Kila nikimpa uji nilimwambia akishike kwa mikono miwili, na kila mara nilijiambia kwamba lazima nitafute mtu wa kukikaza.

Walikaa kwenye karavani. Ni zile nyumba nyeupe za bati zenye magurudumu, ambazo kampuni za barabara huzikokota kutoka kambi hadi kambi ili wafanyakazi wapate pa kulala. Mume wa Phelister, Owuor, alikuwa dereva wa lori lililozikokota. Mradi ulipokwisha, kampuni ikamwachia moja iliyochakaa, naye akaileta mpaka kiwanja cha kukodi, chini ya barabara ya murramu, yaani ya udongo mwekundu, pale mteremko unapoanza kushuka kuelekea kwenye mafunjo ya kinamasi. Akaiegemeza kwenye mawe, matairi yakaisha upepo, nyasi zikaota katikati ya magurudumu.

Ilikuwa nyumba nzuri kwa jinsi yake. Jiko dogo, dirisha la kusukuma pembeni, vitanda viwili vilivyofungwa ukutani, ngazi ya chuma mlangoni. Owuor alipenda kukaa kwenye ngazi ile akinywa chai, kofia ya njano ya kampuni ikiwa kichwani. Alipokwenda kazini alikuwa na mazoea ya madereva: alipiga bodi ya nyumba kwa kiganja mara mbili, pa, pa, kama kondakta anayeruhusu gari liondoke. Moreen alicheka kila asubuhi akiwa bado kitandani. Baba yake alimwita Dani, yaani bibi, kwa sababu alipewa jina la kinyumbani la mama yake Owuor.

Owuor alikufa mwaka jana, barabarani, upande wa Mbale.

Nilikwenda Siaya kuzika, kwa hiyo hili nililiona kwa macho yangu. Kwao, mwanamume mzima hazikwi bila nyumba yake mwenyewe. Kama hajajenga, ndugu zake humjengea hata kibanda, haraka, ili kaburi liwe na nyumba. Owuor hakuwa amejenga. Kaka yake, Olweny, alikwisha kukata miti. Lakini Phelister ni mtu wa kanisa, na siku ile alikuwa amechoka kwa safari na kwa kulia. Alisimama kando ya jeneza akasema hapana.

"Owuor ana nyumba. Iko Kampala. Msiseme mume wangu hana nyumba."

Olweny akashusha panga.

"Kwa hiyo hiyo ndiyo nyumba yake?"

"Ndiyo hiyo."

"Ile yenye magurudumu."

"Ndiyo, shemeji. Ina magurudumu."

Olweny akatazama jeneza kwanza, kisha akamtazama yeye. "Sawa," alisema. "Basi italetwa."

Phelister akaitikia kwa kichwa ili mambo yaishe. Miti ikarudishwa nyuma ya zizi. Tukaimba, tukazika, tukarudi Kampala. Hakuna aliyezungumza tena habari ya kuleta kitu.

Kisha mvua za Machi zikaja, na paa la karavani likaanza kuvuja juu ya kitanda cha Moreen.

Mtoto mwenye pumu halali kwenye godoro lenye maji. Alianza kuja shuleni akikohoa mpaka machozi. Mama yake alihamishia mashuka huku, mabeseni kule, lakini tundu moja likizibwa, maji yalipata jingine. Akaanza kutafuta fundi, na kila aliyewahi kutafuta fundi katika mji huu anajua hiyo ni safari ya namna gani. Wa kwanza alipaka lami juu ya kutu. Jua lilipowaka, lami ikayeyuka ikadondoka kwenye mto wa kulalia. Wa pili alisema anakwenda mara moja kununua gundi, akaazima ngazi ya jirani ili "asichelewe." Mpaka leo jirani anamuulizia Phelister ngazi yake.

Wa tatu aliitwa Byron, kijana wa kwao Siaya, fundi wa kweli. Alipanda, akagonga bati hapa na pale, akasema kazi inawezekana. Kisha akauliza, "Mambo ya nyumbani mlimaliza?"

"Mambo gani?"

"Ya mzee. Ya nyumba."

"Byron, nakuuliza habari za paa, wewe unaniuliza habari za kaburi?"

Kijana akashuka polepole, akaanza kurudisha vyombo vyake mfukoni. "Paa la mjane sipandi kabla mambo hayajaisha, min Moreen," alisema, yaani mama Moreen. "Ukipanda, unafanya kazi ya mwenyewe. Na mwenyewe atakuja kukusimamia."

Phelister akacheka. "Hii si nyumba. Hii ni gari. Si unaona tairi?"

"Siku ya mazishi nilikuwepo," Byron alisema. "Siku ile ulisema ni nyumba. Leo ni gari. Chagua moja."

Akaenda zake, wala hakukubali hata chai.

Jirani yetu mwingine, Kaltumi, ni mama wa Kinubi ambaye husuka mikeka barazani kwake na kusikia kila kitu. Alimwita Phelister. "Wewe unaokota mafundi barabarani kama kuni. Mimi nina mtoto wa dada yangu, Siraje, anakaa Nateete. Anatengeneza bodi za mabasi. Huyo akisema nitafanya, amefanya. Mpaka mke wake, Rashidah, analalamika. Anasema ukimtuma Siraje chumvi, hata akikuta vita njiani, chumvi itafika."

Siraje alikuja Jumatatu. Mtu mwembamba, mwenye ndevu chache, mtaratibu. Alivua viatu kabla ya kuingia kwenye karavani, jambo ambalo hakuna fundi mwingine alilifanya. Alikata bati lililooza, akaweka jipya, akalibana kwa ribiti, zile pini za chuma za kugongwa, moja baada ya nyingine, kwa kipimo kilekile. Alipomaliza kila kiraka alichora mwezi mdogo kwa ncha ya msumari, kando ya ribiti ya mwisho.

"Ya nini hiyo?" Moreen alimuuliza.

"Ni jina yangu. Kazi ikiharibika, mama asitafute mtu mwingine. Atafute huyu mwezi."

Jumanne jioni mvua kubwa ilinyesha. Halikuingia tone. Moreen alilala bila kukohoa mpaka asubuhi, na Phelister akaja kunieleza shuleni akitabasamu hivi kwamba nilikumbuka ana mwanya.

Lakini Jumatano Siraje alirudi. Na Alhamisi. Phelister alikuwa Nateete akinunua vitambaa siku zote mbili, kwa hiyo hakujua. Kaltumi ndiye aliyemwona. Aliniambia kwamba mpwa wake ana tabia mpya: anafanya kazi kidogo, anasimama, anatazama mlangoni mwa karavani, anatikisa kichwa kama mtu anayepokea maagizo, kisha anaendelea.

"Labda anaongea na simu," nilisema.

"Simu aliiacha kwangu inachaji," Kaltumi akajibu.

Jumamosi nilikwenda kuchukua sare. Nilimkuta Siraje amelala chini ya karavani, jeki pembeni, mikono imejaa grisi. Nyasi zilizoota katikati ya magurudumu zilikuwa zimekatwa. Matairi matatu yalikuwa yamejaa upepo. La nne, la nyuma upande wa kinamasi, lilikuwa bado limelala.

"Fundi, mbona umefika mpaka kwa magurudumu?"

"Nimebakiza moja, mwalimu. Beringi zilikuwa zimekufa. Sasa ziko sawa. Hii nyumba inaweza fika hata Nairobi."

Phelister alitokea kwenye ngazi, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. "Siraje, mimi nilikuambia paa. Nani alikuambia magurudumu?"

Alitoka chini ya nyumba, akajifuta mikono. Alionekana kushangaa, kama mtoto anayeulizwa swali ambalo mwalimu mwenyewe alilijibu jana.

"Si mzee alisema?"

"Mzee gani?"

"Mwenye nyumba. Yule anakaaga hapo kwa ngazi." Alinyoosha kidole. Kilielekea miguuni mwa Phelister. "Alisema magurudumu ndiyo kazi kubwa. Alisema paa ni ya mtoto, magurudumu ni ya safari."

Nilisikia cherehani ya ndani, ambayo Phelister alikuwa ameiacha, ikimalizia mzunguko wake wa mwisho. Tik. Tik.

Phelister aliingia ndani akatoka na picha ya harusi. Siraje akaitazama, akatabasamu.

"Eh, ndiye huyu," alisema. "Lakini siku hizi anavaa ile kofia ya njano." Kisha akainua macho, akatazama nafasi tupu kando ya Phelister kwenye ngazi, na kwa adabu akainamisha kichwa.

Phelister aliruka chini kama aliyeunguzwa.

Tulimkalisha Siraje kwa Kaltumi, tukamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika rangi ukawa wa majivu. Aliuliza swali moja tu: "Kama amekufa, kwa nini chai alikuwa anakunywa?"

Phelister alimwomba asirudi tena. Siraje alikubali. Lakini akiwa amesimama kuondoka, alisita. "Mimi nilimwahidi gurudumu nne," alisema kwa sauti ya chini. "Sijawahi ahidi mtu halafu nikanyamaza."

Siku hiyohiyo Phelister na Moreen walihamia kwangu, na nguo zao, na cherehani. Phelister alimpigia Olweny simu nikiwa nimekaa karibu naye. Olweny hakumkemea.

"Ulisema mbele yake," Olweny alisema. "Sisi tulikusikia, na yeye alikusikia. Amengoja mwaka mzima."

"Nifanye nini, shemeji?"

"Jumamosi ijayo nitakuja na lori na watu. Tutaikokota vizuri, kwa maombi, tuiweke kwake. Mpaka siku hiyo, mtoto asiingie humo."

"Kwa nini mtoto?"

"Dereva akija kuchukua nyumba yake," alisema, "hashushi vilivyomo."

Basi tukawa waangalifu. Nataka msomaji ajue hilo, kwa sababu wengine wamesema tulizembea. Phelister alifunga karavani kwa kufuli na kuuweka ufunguo shingoni. Mimi nilikwenda na Moreen shuleni mkono kwa mkono, nikarudi naye mkono kwa mkono. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mtoto alikuwa mchangamfu, anakula, anaimba. Hakukohoa hata mara moja.

Alhamisi, wakati wa uji, alinijia akanivuta sketi.

"Mwalimu, nipe kikombe changu. Nakwenda nacho."

Nilichuchumaa ili macho yetu yawe sawa, kama ninavyofanya kwa watoto wote. "Kikombe hukaa shuleni, Moreen. Unakumbuka kanuni?"

"Ndiyo. Mtu akihama anakwenda nacho."

"Na wewe unahama?"

Alisogeza midomo kwenye sikio langu. Pumzi yake ilinukia uji. "Baba amesema leo mvua ikinyesha."

Nje jua lilikuwa linawaka. Nilikitundika kikombe kwenye msumari wake, nikamkalisha mtoto karibu na meza yangu, nikamtumia Phelister ujumbe aje mapema. Alijibu kwamba yuko Nateete sokoni, anatafuta usafiri.

Saa nane mchana ndipo watoto wangu hulala kidogo kwenye mikeka. Wingu lilikuja kutoka ziwani wakati huohuo. Lilikuja haraka. Darasa likawa giza, nikawasha taa, umeme ukakatika. Mvua ikapiga mabati kwa kishindo ambacho hata mtoto akilia mbele yako humsikii. Upepo ulisukuma dirisha la nyuma. Nilikwenda kulifunga. Komeo lilikuwa gumu, likanichelewesha kidogo.

Nilipogeuka, mkeka wa Moreen ulikuwa mtupu.

Nilitazama ukutani. Msumari wake nao ulikuwa mtupu.

Nilimwachia msaidizi wangu watoto, nikakimbia getini. Askari wetu, Pitshou, Mkongomani, alikuwa mgeni, alianza kazi wiki ileile. Alikuwa amejikunja kwenye kibanda chake akikwepa maji.

"Pitshou, umeona mtoto?"

"Mutoto wa kikombe? Baba yake alikuya kumukamata, mwalimu. Sasa hivi."

"Baba yake?"

"Ndiyo. Ule wa kofia ya manjano. Mutoto alimukimbilia mwenyewe." Kisha, kwa sauti ya mtu anayewaza kitu alichokiona lakini hakukitia maanani: "Hakukuwa analowa."

Sikumbuki njia. Nakumbuka matope, na viatu vyangu kubaki mahali fulani. Nilifika juu ya kiwanja nikaiona karavani chini yangu, nyeupe kwenye mvua.

Mawe yalikuwa yameondolewa. Yamepangwa vizuri kando, moja juu ya jingine.

Siraje alikuwa amesimama mbele ya nyumba, ameloa chapachapa, mikono mitupu. Nilimwita. Aligeuka na macho ya mtu aliyeshikwa na homa.

"Nilikuja kumwambia mzee kwamba sitamaliza," alisema. "Nilitaka kumwambia kwa mdomo wangu. Lakini ona, mwalimu."

Gurudumu la nne lilikuwa limejaa.

"Mimi sijaigusa," akanong'ona.

Kufuli ilikuwa bado mlangoni. Imefungwa. Kupitia dirishani nilimwona Moreen amekaa kitandani, miguu haifiki chini, mkoba mgongoni, kikombe cha buluu mapajani. Alikuwa amekaa kama abiria. Aliponiona alinipungia mkono.

Nilivuta kufuli. Nilipiga mlango. Siraje alinisogeza pembeni kwa upole, akashika dirisha la kusukuma, ambalo alilirekebisha siku zile za paa, akalibinya mahali alipopajua, likafunguka. Akaingia kiwiliwili. Akamnyanyua mtoto, akanipitishia nje. Moreen alikuwa na joto, mkavu. Nilimbana kifuani.

Ndipo alipoanza kulia.

"Kikombe changu. Kikombe kimebaki."

"Achana nacho," nilisema. "Twende. Siraje, shuka. Twende."

"Kikombe changu, fundi."

Siraje aliangalia ndani. Kilikuwa juu ya kitanda, karibu kabisa, umbali wa mkono na kidogo zaidi. Akamtazama mtoto.

"Usilie, Dani," alisema. "Mimi nitaleta."

Hakuna aliyewahi kumfundisha jina hilo.

Nafikiri yeye mwenyewe alijisikia akilitamka, kwa sababu alisimama kidogo, kama mtu anayejiuliza sauti imetoka wapi. Lakini alikwisha kuahidi. Alijivuta ndani. Niliona kisigino chake kikipotea. Nilimsikia akiongea na mtu, kwa adabu, kwa sauti ya chini: "Mzee, ngoja kidogo. Ngoja nichukue kitu ya mtoto."

Dirisha likajifunga.

Halafu nikasikia kiganja kwenye bodi.

Pa.

Pa.

Karavani ikatikisika. Chini yake kulikuwa na mteremko na kinamasi. Kitu chochote chenye magurudumu kingekwenda huko. Haikwenda huko. Ilipanda. Ilipita mbele yetu polepole, ikielekea juu, kwenye barabara, na mkono wake wa chuma wa kukokotea ulikuwa umeinuka mbele, umenyooka, haukushikwa na kitu. Uso wa Siraje ulikuwa dirishani. Hakupiga kelele. Alikuwa ameinua kikombe, anatuonyesha kwamba amekipata.

Mvua ikafunga kama pazia. Ilipopungua, kiwanja kilikuwa kitupu.

Phelister alitukuta pale, tumekaa matopeni. Yeye na mimi tulifuata alama. Mistari ya magurudumu ilipanda mpaka murramu, ikapinda, ikafika kwenye lami, ikaelekea upande wa mashariki, ikafutika. Mbele ya mistari ile hapakuwa na alama ya lori, wala ya ng'ombe, wala ya mguu wa mtu. Polisi walipokuja maji yalikuwa yamekwisha kuosha kila kitu. Walisema ni wezi wenye gari, wamemteka fundi. Waliandika hivyo, nasi hatukubishana nao.

Jumamosi Olweny hakuja na lori. Alipiga simu. Alisema Ijumaa asubuhi, kando ya kaburi, walikuta mashimo manne ardhini, yenye kina, kama ya kitu kizito kilichosimama hapo na kuondoka. Nyasi za getini hazikuvunjika hata unyasi mmoja. Aliuliza kama mtoto yuko salama. Phelister akamwambia yuko salama. "Basi," alisema Olweny, kisha akauliza polepole, "Humo ndani kulikuwa na nani?"

Rashidah, mke wa Siraje, alikuja kwangu siku iliyofuata na Kaltumi. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya upole. Nilimweleza yote bila kuficha. Hakulia mbele yangu. Aliuliza tu mumewe alisema nini mwisho.

"Alimwambia mtoto, nitaleta."

Rashidah alikaa akipapasa ukingo wa shela yake. "Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Basi ataleta," alisema, akasimama akaenda zake.

Shule ilifunga, ikafungua. Phelister alipata chumba cha matofali Bukoto, lakini Moreen hakutaka kubadilisha darasa, kwa hiyo mama yake humleta kila asubuhi. Kabla ya likizo nilikuwa nimemnunulia kikombe kipya. Sikuwa na moyo wa kukitundika kwenye msumari wake wa zamani, nikapigilia mwingine.

Siku ya kwanza ya muhula nilifika mapema kuliko wote, kama kawaida yangu. Nilifungua kufuli ya darasa, ambayo ufunguo wake ninao mimi peke yangu. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Vumbi la likizo lilikuwa limetulia sakafuni, laini, zima, halijakanyagwa.

Kwenye msumari wa zamani kulikuwa na kikombe cha buluu.

Nilikishika kwa mikono miwili, kwa mazoea. Hakikucheza. Mkono wake ulikuwa umekazwa kwa ribiti mbili mpya, zinazong'aa, zilizopigwa kwa kipimo kilekile. Kando ya ribiti ya pili mtu alikuwa amechora mwezi mdogo.

Nikaweka kidole juu yake. Ribiti zilikuwa bado na joto.